Sindano ya vitufe, kijiti, mafuta ama chembe: ipi itakufaa ukiwa Mombasa?

Mtu akiandikiwa dawa ya kukaa mwilini muda mrefu, akija kemisti swali lake la kwanza huwa ni "hii ni ya mwezi ama ya miezi mitatu?", la pili ni bei, basi, hakuna la tatu. Sikatai, hayo ni ya maana. Lakini kwa sisi tunaokaa huku pwani, miezi iliyoandikwa kwenye boksi ningeiangalia mwisho kabisa. Angalia kwanza dawa yenyewe imebebwa na nini huko ndani, manake kinachoibeba ndo kitaamua kama itavumilia hili joto letu njiani, sindano itakuwa nene kiasi gani, itaanza kazi lini, na ikikukataa kama inaweza kutolewa ama utavumilia mpaka iishe yenyewe.

Nitalinganisha vibebaji vinne. Kuna maikrosfia, yaani vitufe vidogo mno vya polima (kitu cha jamii ya plastiki), ndivyo nitakavyovizungumzia zaidi manake ndivyo watu hawavielewi. Kuna kijiti cha polima. Kuna sindano ya mafuta, na kuna ile ya chembechembe za dawa zisizoyeyuka upesi. Haya.

Maikrosfia kwa macho ni unga mweupe tu kwenye kichupa. Ukiuweka chini ya darubini unaona ni vitufe, vile vya sindano mara nyingi viko kati ya mikroni 20 na 100 hivi (mikroni elfu moja ni milimita moja), kuna vinavyofika 180. Polima inayotumika sana inaitwa PLGA, na haikuanzia kwenye dawa, ndugu zake walikuwa ni nyuzi za kushonea vidonda, zile zinazoyeyuka zenyewe bila kwenda kutolewa, zilizoingia hospitali miaka ya 1970. Madaktari wakawa wameshajua kitu hiki mwili unakikubali. 1976 Robert Langer na Judah Folkman huko Marekani wakaonyesha hata molekuli kubwa kama protini zinaweza kutoka polepole ndani ya polima, jambo ambalo wengi walikuwa hawaliamini, na miaka kumi baadaye, 1986, ikatoka Ulaya Decapeptyl, triptorelini (dawa ya kansa ya tezi dume) ndani ya vitufe vya PLGA, alafu 1989 Marekani wakaidhinisha Lupron Depot.

Inavyofanya kazi ni hivi. Kitufe kikishaingia kwenye nyama, maji ya mwili yanapenya ndani na kuanza kukata minyororo ya polima. Kinachobaki ni asidi ya laktiki na asidi ya glikoliki, vitu ambavyo mwili unajua kuvimaliza, vinaishia kuwa maji na hewa ya kaboni. Muda unapangwa kwa kuchanganya hizo mbili: nusu kwa nusu ndo inaoza upesi zaidi, mwezi mmoja mpaka miwili, ukiongeza sehemu ya laktiki inachelewa, na ikiwa laktiki peke yake inaweza kupita hata mwaka. Kwa hivo wakikuambia "ya mwezi" na "ya miezi mitatu", saa zingine sio dawa tu imeongezwa, hata polima yenyewe ni nyingine.

Sasa udhaifu wake. Kuna dawa inayokuwa imeganda juu juu ya kitufe, na hiyo haingojei polima ioze, inatoka siku za mwanzo kwa pamoja. Ni kama mabuyu, ile sukari nyekundu ya nje inaisha mdomoni saa ileile alafu ndo unabaki kumung'unya ya ndani taratibu. Watengenezaji wanahangaika sana na huu mfumko wa mwanzo. Vitufe vinatengenezwa kwa kuyeyusha polima kwenye kemikali kama diklorometheni, wanakoroga ndani ya maji mpaka iwe matone madogo, kemikali inaruka, matone yanakauka kuwa vitufe. Ukibadilisha kasi ya kukoroga tu, ukubwa wa vitufe unabadilika na dawa inatoka kwa mwendo mwingine. Ndo sababu kampuni nyingine kuiga dawa za namna hii imekuwa kazi ngumu, sio kama kuiga panadol.

Tuje kwenye kuchagua, na nianze na wazee wetu wa kansa ya tezi dume manake hapo ndipo vitufe na kijiti vinapokutana uso kwa uso.

Lupron Depot (dawa ni leuprolaidi) ni vitufe. Zoladex (gosirelini) ni kijiti, kimetengenezwa na PLGA hiyohiyo, ila badala ya kufanywa vitufe kimefanywa kijiti chembamba cha milimita moja, kile cha miezi mitatu milimita moja na nusu. Zote zinafanya kazi moja, kushusha testosteroni, homoni ya kiume inayoilisha kansa hii, mpaka chini kabisa, na zote mwanzo zinaipandisha kwanza kwa muda, ndo maana daktari huongeza vidonge kama bikalutamaidi kwa wiki za mwanzo. Hapo hakuna mshindi. Lupron ipo ya mwezi 7.5 mg, ya miezi mitatu 22.5, ya miezi minne 30 na ya miezi sita 45. Zoladex ipo 3.6 mg ya siku 28 na 10.8 ya wiki 12.

Tofauti iko mkononi mwa nasi, yaani muuguzi. Sindano ya Zoladex inaingia chini ya ngozi ya tumbo, chini ya kitovu, na ni nene jamani, geji 16 kwa ile ndogo na geji 14 kwa ile kubwa (namba ikishuka ndo sindano inanenepa), yani hiyo ya pili ni kama milimita mbili. Wazee wengi wakiiona wanauliza kama ni ya ng'ombe. Lupron ni geji 23, haifiki hata milimita moja, inadungwa kwenye msuli na kuisha.

Lakini Zoladex hakuna kitu cha kuchanganya. Nasi anaiinua kwenye mwanga, anakiona kijiti kwenye kidirisha, anadunga. Kuna kitu kimoja tu cha kumkumbusha, asijaribu kutoa hewa kama anavyofanya sindano za maji, manake hakuna maji humo, akisukuma anakitoa kijiti chenyewe nje na dozi imekwenda. Lupron upande wake ina ufundi. Bomba lake lina vyumba viwili, mbele kuna unga na nyuma kuna maji, unalishika wima unasukuma polepole, sekunde sita mpaka nane, mpaka kizibo cha kati kifike kwenye mstari wa buluu, maji yanaingia kwenye unga na unatikisa taratibu mpaka yawe meupe kama maziwa yote sawasawa. Alafu unadunga saa hiyohiyo. Ukiiweka kidogo uende kujibu simu vitufe vinazama chini, na aliyedungwa maziwa mepesi ya juu hajapata dozi yake, na hakuna dalili yoyote itakayomwambia, atakuja kuijua kwenye kipimo cha damu.

Kwa hivo mimi ushauri wangu ni huu: kama mzee anadungwa kwenye kliniki ya kansa ambapo wanaifanya kila wiki, na yeye anaogopa sindano, vitufe ni vizuri kabisa. Kama atadungwa kwenye zahanati ya mtaani ambako dawa hii wanaiona mara moja moja, afadhali kijiti, kina mambo machache ya kuharibika. Isipokuwa mzee mwembamba sana, ama anayetumia warfarini ama dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda. Huyo aseme mapema kabla sindano haijafunguliwa, manake kwa Zoladex kuna onyo lake, ile sindano nene inaweza kugusa mishipa ya damu ya tumboni. Sio kwamba ya msulini haina shida kwa mtu kama huyo, ila daktari ndo apime.

Ipo ya tatu, Eligard, leuprolaidi hiyohiyo, iliidhinishwa Marekani 2002. Hii polima imekuja ikiwa majimaji, imeyeyushwa kwenye kemikali, ikiingia chini ya ngozi inakutana na maji ya mwili na kuganda papo hapo ikawa donge dogo. Ni wazo zuri sana kusema kweli, unaruka kazi yote ya kutengeneza vitufe. Kwa huku kwetu naiweka nyuma kwa sababu inataka friji, na ikishachanganywa ni nusu saa tu, ikipita unatupa.

Na hapo tumefika kwenye joto. Nisikilize vizuri. Boksi la Lupron na la Zoladex yote mawili yanasema "joto la chumba", mtu anaona aa, haina haja ya friji, anaiweka juu ya kabati. Hilo joto la chumba lililoandikwa ni nyuzi 25, na chumba cha Mombasa mwezi wa pili au wa tatu, jua la kaskazi, mchana ni 32, 33, hata usiku wa manane 25 unaitafuta. Kwa hivo kwa sisi "joto la chumba" maana yake ni chumba chenye eisii. PLGA kavu inaanza kulainika kwenye nyuzi 45 mpaka 50 hivi na ikiwa na unyevu inalainika mapema zaidi, na unyevu ndo hatuna haja ya kuagiza. Gari lililofungwa vioo likiwa limeegeshwa kwenye jua pale kabla ya feri linafika huko bila shida. Vitufe vikilainika vinashikana, siku ya kudunga sindano inaziba, ama inapita lakini dawa inatoka kwa mwendo tofauti na ule uliopimwa. Ukitoka kuchukua dawa mjini na unakwenda Likoni ama Mtwapa, nenda na kibegi cha kuzuia joto, usipitie sokoni Kongowea kwanza, na usiilaze moja kwa moja juu ya barafu, manake kuganda nako ni kuharibika.

Haya, upande wa pili ni dawa za akili, hasa skizofrenia, na hapa vitufe vinapigwa na wenzake, mimi nasema wazi.

Ya mafuta ni ile Modecate, flufenazini dekanoeti. Dawa imeyeyushwa kwenye mafuta ya simsim, inadungwa msulini, inatoka kwenye mafuta kidogo kidogo na mwili unaikata ule mkia wa kemikali iliofungiwa ndo inaanza kazi. Wiki mbili mpaka nne hivi kwa sindano. Haihitaji friji, ikae tu mbali na mwanga na joto kali, na ni ya bei ya chini. Anayedhurika na simsim aseme. Ubaya wake mkubwa hautoki kwenye mafuta, unatoka kwenye dawa yenyewe, ni ya zamani, inakaza misuli na kutetemesha watu, wengine wanakuwa hawatulii wanakwenda huku na huku. Hapa watu huchanganya mambo, wanasema "sindano ya mafuta ni mbaya" kumbe wanailaumu mafuta kwa kosa la flufenazini.

Risperdal Consta ndo ya vitufe, risperidoni ndani ya PLGA, Marekani iliidhinishwa 2003. Dawa ni nyepesi zaidi kwa wengi kuliko flufenazini. Lakini angalia masharti: kila wiki mbili, inakaa kwenye friji nyuzi 2 mpaka 8, nje ya friji ni siku saba tu na joto lisipite 25. Na kubwa kushinda yote, ukidungwa leo, karibu hakuna kinachotoka. Chini ya asilimia moja ndo inatoka mwanzo, kisha kimya, dawa yenyewe inaanza kumwagika wiki ya tatu, inashika wiki ya nne mpaka ya sita, wiki ya saba imekwisha. Polima inangojewa ioze. Kwa hivo wiki tatu za mwanzo mgonjwa lazima aendelee na vidonge, na familia nyingi hapo ndipo zinapoteleza, manake walichagua sindano kwa sababu kijana hataki vidonge! Unampa sindano, anaacha vidonge siku hiyohiyo, wiki ya pili amerudi kuwa mgonjwa na watu wanasema sindano haifanyi kazi.

Ya chembe ni Invega Sustenna, paliperidoni palmiteti, 2009. Hakuna polima kabisa. Dawa imefanywa isiyeyuke upesi kwenye maji, ikasagwa mpaka chembe ndogo mno, ikaelea kwenye maji, bomba limeshajazwa, unalitikisa kwa nguvu unadunga. Siku ya kwanza sindano moja, ya nane ya pili, zote begani, baada ya hapo mara moja kwa mwezi, na vidonge vya kusindikiza havihitajiki. Friji haihitajiki, isipite nyuzi 30 tu. Ukinipa hizi tatu na bei zikawa sawa, Mombasa nachukua chembe bila kufikiria mara mbili. Bei hazilingani ndo shida, kwa hivo kwa wengi uamuzi wa kweli unakuwa kati ya mafuta na chembe, na vitufe vinabaki kwa yule ambaye risperidoni imeshamfaa na kliniki yake ina friji isiyozimika stima ikipotea.

Mtu anaweza kuuliza, sasa vitufe vina faida gani kama kila mahali vinashindwa? Havishindwi kila mahali. Kuna dawa haziwezi kufanywa mafuta wala chembe, hasa zile za protini fupi kama leuprolaidi, zinayeyuka kwenye maji upesi, bila polima ya kuzizuia ingekuwa ni sindano kila siku. Na tukija kwa vijana wetu walioshikwa na unga, yaani heroini, kuna Vivitrol, naltreksoni 380 mg kwenye vitufe, sindano ya kalio kila wiki nne. Hiyo haileweshi wala haishiki nafasi ya unga kama methadoni inayotolewa pale Kisauni, inafunga mlango tu, mtu akitumia hasikii kitu. Kwa hivo kuzilinganisha na methadoni kama vitu viwili vya aina moja ni kosa. Mwenye kudungwa Vivitrol lazima awe ameshakaa siku 7 mpaka 10 bila unga, na aliyekuwa kwenye methadoni inaweza kufika wiki mbili, la sivyo arosto (mateso ya mwili kukosa unga) itakayompata ni kali na dawa haitolewi tena, vitufe maelfu kwa maelfu vimesambaa kwenye nyama, nani atavikusanya. Kwa anayeanza tu kutafuta msaada, methadoni kwanza. Vitufe ni vya yule aliyekwisha safishika na anaogopa kurudi.

Kisukari nitapita haraka. Ilikuwepo ya vitufe ya kila wiki, Bydureon, 2012, ilichukua wiki sita au saba kufika kiwango chake. Alafu wakaja na semaglutaidi (ndo ile Ozempic), wakabadilisha molekuli yenyewe ikawa inakaa mwilini wiki nzima bila polima yoyote. Mnajua nani alishinda.

Kupanga uzazi akina mama mnajua kuliko mimi. Depo ni ya chembe, 150 mg miezi mitatu, na vijiti vya mkononi, Jadelle viwili vya miaka mitano, Implanon kimoja cha miaka mitatu, hivyo ni polima lakini sio ile inayooza, ndo maana lazima virudi kutolewa. Kwa mwanamke anayetaka mtoto karibuni mimi nasema kijiti, manake kikitoka uwezo wa kushika mimba unarudi upesi, lakini depo ikishaingia haitoki, na wengi hukaa kama miezi kumi tangu sindano ya mwisho kabla ya kushika. Kama hajali kungoja na hataki kitu mkononi ambacho mama mkwe atakipapasa, depo.

Kwa hivo ukikaa na daktari, muulize kama inaweza kutolewa. Kijiti cha mkono ndiyo. Kijiti cha Zoladex, altrasaundi inaweza kukionyesha, kwa hivo kidogo kuna njia. Vitufe, mafuta, chembe, hapana. Ndo maana madaktari wengi kabla ya sindano ya namna hii wanampa mtu dawa ya aina hiyohiyo kwa vidonge siku kadhaa waone kama mwili unaikubali, na wewe ukiona hawajafanya hivo kwa risperidoni ama paliperidoni, uliza.

Na jambo moja linalonirudia sana hapa kaunta, watu wawili wenye wazee wawili wanakuja wamechanga, wanataka boksi moja la Lupron la miezi mitatu wagawane, ama mtu mwenye la mwezi anataka adungwe matatu kwa pamoja asirudi tena mpaka Ramadhani. Haiwezekani. Kwa hesabu 22.5 ni 7.5 mara tatu, lakini dawa sio ileile mara tatu. Ya mwezi ni PLGA, ya miezi mitatu ni polima ya laktiki, zinaoza kwa mwendo tofauti. Ukimdunga mzee tatu za mwezi kwa pamoja hujampa miezi mitatu, umempa dozi kubwa ya mwezi mmoja alafu miezi miwili ya bure, na ukigawa ile kubwa, kila mzee atapata dawa kidogo kwa muda mrefu, testosteroni inaweza isishuke inavyotakiwa, na kansa inaendelea na safari yake.